Alama Iliyopotelea Kushoto

Koplo Bertilla, mzaliwa wa Mollo nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, hakuamini alichokiona kwenye kompyuta. Kwa wiki nzima timu yake ya utafiti ilikuwa mjini hapo na mashine ya mazoezi ya urubani, ikipima kama hewa nyepesi ya nyanda za juu za Ufipa inapunguza wepesi wa marubani wa jeshi. Rubani hukaa kitini, hushika usukani na kuiandama alama inayokimbia kwenye skrini. Kompyuta hurekodi ameikosa kwa kiasi gani.

Meja Yonas, mwenye miaka kumi na saba angani, ndiye aliyetarajiwa kuwapita wote. Alama ilipokwenda kulia, aliifuata kama mwewe na kifaranga. Ilipokwenda kushoto, aliiacha kabisa.

"Afande, naomba turudie. Labda mashine ina hitilafu."

Wakarudia. Yale yale. Bertilla akakaa kitini mwenyewe: mashine ilikuwa nzima. Akachukua kalamu mezani.

"Afande, tazama pua yangu, usigeuze macho. Sema ukiiona kalamu."

Akaipitisha polepole kutoka kushoto kwa Meja. Kimya. Ikapita usawa wa sikio, ikapita shavu.

"Anza basi," Meja akasema.

"Nimeshaanza, afande."

Akamfunika jicho moja, kisha la pili. Yote mawili hayakuona kitu upande ule; basi hitilafu haikuwa machoni, ilikuwa ndani ya kichwa.

Meja akacheka kidogo. "Juzi pale mtaani Mazwi niligonga pikipiki iliyoegeshwa. Nikamfokea mwenye pikipiki." Akatazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Bertilla, kesho narusha ndege yenye askari tisa."

"Lazima niripoti, afande."

"Unajua unaninyang'anya nini?"

"Najua." Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini hakurudi nyuma.

Meja akafuta jasho usoni katika baridi ile ya Julai. Hatimaye akatoa simu na kumpigia mkuu wake. "Tafuteni rubani mwingine," alisema. "Mimi sioni."

Dar es Salaam madaktari walikuta uvimbe kwenye ubongo, wakamfanyia upasuaji. Alipona, ila uwezo wa kuona kushoto haukurudi, wala yeye hakurudi angani.

Miezi mitatu baadaye alimpigia Bertilla. "Wale askari tisa wa siku ile," alisema, "mmoja ana mtoto mchanga. Jana kaniletea nimbebe."