Taa ya Barazani Haizimwi

Baba alinipigia simu Jumapili baada ya ibada. Yeye si mtu wa maneno mengi.

"Retta, shangazi yako ameniambia mwaka huu unataka kusherehekea Halloween. Ukivaa hizo nguo, Siku ya Shukrani usije nyumbani. Mezani pangu hakai mtu aliyemchezea shetani ngoma."

Akakata simu kabla sijajibu.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili chuoni, na sikuwa nimewahi hata siku moja kuvaa kinyago usiku wa Halloween, watoto wanapozunguka nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, ndiyo pekee inayotukutanisha sisi ndugu wanne. Mwaka huo kaka yangu Merle alikuwa anamleta mwanawe wa kwanza, mtoto ambaye nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Baba alijua vizuri aliponishika. Nililia robo saa nzima, kisha hasira ikanipanda, nikanawa uso na kwenda dukani. Ningeweza kujifanya nyuki, au kondoo, au kitu kingine cha kumtuliza mzee. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikanunua kofia ndefu nyeusi na rangi ya kijani ya kupaka usoni. Nikawa mchawi.

Nilikuwa napanga na Yesenia, msichana wa darasa langu, kwenye nyumba kuukuu ya mbao nyuma ya maktaba ya chuo. Alhamisi mchana alinikuta jikoni natoa biskuti kwenye tanuri.

"Hizo za nani?"

"Za watoto watakaobisha hodi. Za siagi na mdalasini, kama za Mama."

Yesenia akacheka mpaka akashika meza. "Shoga, umekulia pangoni? Hakuna mzazi hapa mjini atakayemwacha mwanawe ale kitu kilichopikwa na mtu asiyemjua. Hata ungekuwa malaika! Watazitupa kwenye pipa la kona. Wanataka vitu vilivyofungwa kiwandani."

"Sasa hizi dazeni tatu nizipeleke wapi?"

"Tumboni mwetu, bibie. Kalete maziwa."

Tukala mpaka tukachoka, kisha tukaenda kununua chokoleti ndogondogo za kwenye mifuko.

Mwaka ule tarehe thelathini na moja Oktoba, Halloween yenyewe, iliangukia Ijumaa, na Ijumaa Ohio ni siku ya mpira wa shule za sekondari. Nani angebaki nyumbani kugawa pipi? Kwa hiyo baraza la mji likausogeza usiku wa watoto hadi Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa mbili, king'ora cha zimamoto kikilia kuanza na kumaliza. Kila mtu alijua. Kila mtu, isipokuwa yule ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa na sababu ya kujua.

King'ora kilipolia tulikuwa tumeshawasha mishumaa ndani ya maboga tuliyoyachonga nyuso na kuwasha taa ya barazani. Taa ikiwaka, watoto wanabisha, ikizimwa, wanapita. Hiyo ndiyo sheria, na hata mtoto wa miaka mitatu anaifuata. Katika dakika ishirini nikawa nimewapa chokoleti dinosaria wawili, muuguzi mmoja na jokofu, yaani mtoto aliyevaa boksi lenye mlango. "Pipi au vituko!" wakanipigia kelele, nami nikacheka na meno yangu niliyoyapaka weusi. Sijui niseme vipi. Nilifurahi mpaka nikaona uchungu kwa miaka yote iliyonipita.

Ndipo pikapu ya Baba ikasimama mbele ya nyumba.

Alikuwa na ovaroli, vumbi la mahindi limemjaa hadi kwenye nyusi. Msimu wa mavuno Baba hatoki shambani kabla ya giza, hata kwa msiba. Nikaelewa mara moja: amekuja kunichukua ili kesho isinikute huku. Akafika kwenye ngazi, akauona uso wangu wa kijani, akasimama.

"Halloween ni kesho," akasema, kama mtu aliyepunjwa sokoni.

"Mji huu ni leo, Baba."

Yule mtoto wa boksi alikuwa bado yuko uani anahesabu pipi zake. Akamtazama Baba juu hadi chini. "Mzee, umependeza! Umekuwa mkulima?"

"Mimi ni mkulima."

"Na vumbi umepaka! Safi sana!"

Yesenia akakimbilia ndani asicheke hadharani. Baba hakucheka. Alipanda ngazi, akaingiza mkono mlangoni, akazima taa. Wasichana watatu waliokuwa wameshika geti wakatazamana, wakageuka kwenda zao.

Nikaiwasha. Akaizima. Nikaiwasha tena, na safari hii nikafunika swichi kwa kiganja changu.

"Ondoa mkono, Retta."

"Siondoi. Baba, unajua tulivyokuwa tukikaa siku hii? Taa zote zimezimwa, sote sita sakafuni jikoni, hakuna kukohoa. Wenzangu wa darasani wanabisha, nazijua sauti zao. Kesho yake wananiuliza, 'Mlikuwa wapi?' Nasema, tulikwenda kwa bibi. Kila mwaka kwa bibi! Ulinifundisha uongo, wewe mzee wa kanisa."

"Nilikuwa nakulinda."

"Dhidi ya nani? Dhidi ya Donnie Pruitt wa darasani kwetu, aliyejifunika shuka awe mzimu?"

Akaangalia buti zake. Nilimwonea huruma, sitaki kudanganya. Alikuwa amechoka, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kazi. Huruma ile haikunisogeza hata inchi.

"Nililosema kwenye simu silirudishi," akasema.

"Sijakuomba ulirudishe. Siku ya Shukrani nitakuja."

"Retta."

"Nitakuja saa saba mchana na pai ya boga. Nitabisha. Kama hamnitaki, fungeni mapazia mkae sakafuni, wewe na Mama na Merle na mtoto wake, mnyamaze mpaka niondoke. Na mtoto akikua akauliza ni nani alikuwa anabisha, wewe ndiye utakayemjibu. Mwambie mlikwenda kwa bibi."

 Baba akashuka ngazi polepole, akaingia kwenye gari, akaliwasha. Sikushuka kumfuata. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya swichi, nami sikuuondoa mpaka pikapu ilipokata kona. Kisha nikatoka hadi ukingoni mwa baraza, nikawapigia kelele wale wasichana watatu waliokuwa wamefika nyumba ya pili.

"Rudini! Rudini hapa, taa inawaka!"