Sikuyakana Maji

Kisima chetu cha Mlingotini kilikuwa karibu na bahari kiasi kwamba ukiinama kuteka ulisikia mawimbi, lakini maji yake yalikuwa matamu. Wageni walistaajabu. Sisi wa ukoo wetu hatukustaajabu, maana tulijua yalivyotunzwa. Mama yangu alinifundisha kuyatunza, naye alifundishwa na mama yake. Mwaka ninaousimulia, miaka michache kabla ya vita vya Wadachi, kazi hiyo ilikuwa mikononi mwangu.

Ilikuwa kazi ya uchawi, na neno hilo silifichi. Kila alfajiri nilifika kisimani kabla mtu hajateka, nikanawa mikono, nikafukiza ubani, nikayasalimu maji kwa majina ya wanawake walioyatunza kabla yangu. Kisha nikaonja. Kwa ulimi nilijua kama maji yameamka vizuri au yamechoka. Mwenye homa isiyokwisha nilimwogesha kwa maji ya mawimbi saba, niliyoyakinga wimbi moja baada ya jingine. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu mrefu nilimnywesha maji niliyoyanuizia. Wengi walipona. Wasiopona niliwalilia, na majina yao ninayo mpaka leo. Kumdhuru mtu kwa maji sikupata kufanya, ingawa niliombwa zaidi ya mara moja, na watu wenye heshima zao.

Kisima kilikuwa na miiko. Usitumbukize ndoo, teka kwa kata ya kifuu, polepole. Siku za bamvua, bahari inapojaa sana, ngoja mpaka maji ya bahari yaanze kupwa. Na usichimbe chini hata kidogo. Mama alisema mwenye bahari amelala hapo chini, na ukimgusa mgongo ataamka.

Mwaka huo mji wa Bagamoyo ulijaa wapagazi waliotoka bara wamebeba pembe za ndovu, hata mahali pa kulala hapakupatikana. Muhidini, mtoto wa jirani yangu Bi Mgeni, akakubali kuwaweka themanini katika shamba lake hapo Mlingotini. Akaja kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kukishusha kisima. Pima moja tu."

"Hakishuki."

"Mama, hayo ni mambo ya kizee."

"Na mimi ni mzee, hukukosea. Waache wageni wako wateke kwa kata. Nitawapangia zamu, watakunywa wote."

Akacheka. "Watu themanini kwa kifuu cha nazi? Labda wanywe umande."

Hakubishana tena. Alingoja mpaka nilipoitwa Kaole kwa mzazi mmoja, nikakaa huko siku mbili, naye akachimba. Niliporudi nilikuta chungu ya mchanga uliolowa kando ya kisima. Wakati huo bamvua ilikuwa imepamba moto. Siku ya tatu maji yakawa na chumvi, na siku ya nne hata uji haukulika. Wanawake wakawa wanatembea asubuhi nzima mpaka vidimbwi vya njia ya Kerege na kurudi na mitungi nusu.

Muhidini akanishtaki kwa Jumbe Pazi, mkubwa wa mji wetu. Barazani alisema, "Nilipomwomba alinikatalia. Nilipochimba, maji yakageuka. Anayejua kuyageuza ni nani, kama si yeye?"

Jumbe Pazi alikuwa mtu mwema. Alikuwa amenitandikia mkeka upande wenye kivuli, na mimi nilikuwa mshtakiwa. Akasema kwa upole, "Bi Mwanabaraka, tulimalize jambo hili. Apa mbele yetu kwamba hufanyi uchawi wa maji wala hukupata kuufanya. Ukiapa, nitamnyamazisha Muhidini, nawe utarudi kwako. Usipoapa sitaweza kuwazuia watu. Itabidi uhame."

Nilijua ananifungulia mlango. Kuhama maana yake ilikuwa kuiacha nyumba, kisima na kaburi la mama, katika umri ambao mtu hajengi tena. Lakini kuapa maana yake ilikuwa kumkana mama huyo huyo na wote waliomtangulia, ili nipate kulala karibu na kaburi lake.

"Jumbe, siapi," nikasema. "Uchawi wa maji naufanya. Nusu yenu mliokaa hapa mmezaliwa kwa uchawi huo. Ila chumvi hii sikuitia mimi."

Watu wakanong'ona. Bi Mgeni akamgeukia mwanawe. "Na wewe ukiwamo, Muhidini. Siku mbili ulikataa kutoka, mpaka huyu akaninywesha maji yake. Ningejua utakuja kusema maneno haya, ningekuacha humo humo."

Wakacheka, hata Jumbe. Muhidini akatazama miguu yake.

Hapo akasimama Mosi, mtumwa wa Muhidini, mtu mzima mwenye mvi, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. "Jumbe, niwie radhi. Aliyechimba ni mimi. Nilipofika chini niliona maji yakiingia upande wa bahari. Nikamwambia bwana tuache, akasema endelea."

Mtumwa kumwumbua bwana wake mbele ya watu haikuwa jambo dogo siku zile, na Mosi alijua. Hakukaa mpaka Jumbe alipomwambia akae. Mimi nimetendewa wema mwingi duniani, na huo nauweka mbele ya mwingine wote.

"Unaweza kuyarudisha?" Jumbe akaniuliza.

"Naweza, kama Muhidini atashuka kisimani mwenyewe kukifukia. Nipeni siku kumi na nne, mpaka bahari ipoe tena, maji mafu yatakapofika."

"Na yasiporudi?"

"Nitaondoka. Hamtahitaji kunisindikiza."

Siku ya pili tulianza. Kwanza nilimwambia Muhidini kwamba mkono utakaompiga Mosi sitaunywesha maji maisha yangu yote. Alinikasirikia, lakini aliamini ninachokiweza, na Mosi hakuguswa. Kisha Muhidini akashuka. Tulikomba maji ya chumvi kwa kata, polepole, wala si yote. Tukafukia kwa mchanga ule ule uliochimbwa, tabaka la mchanga, tabaka la kokoto, mpaka kisima kikarudi kwenye kina chake cha zamani. Kila tabaka nililinuizia kwa jina la mwanamke mmoja wa ukoo wetu. Muhidini akiwa chini aliniuliza, "Bado majina mangapi, mama?" Nikamwambia, "Wewe mwaga kikapu."

Baada ya hapo hakuna aliyeteka. Kila alfajiri nilifukiza, nikasalimu, nikaonja tone moja. Siku ya tano, chumvi. Siku ya tisa, chumvi. Siku ya kumi na moja nilikunja nguo zangu nikazifunga ndani ya kanga. Bi Mgeni akaingia na mtungi alioubeba mwenyewe kichwani kutoka njia ya Kerege, na miguu yake ilikuwa mibovu.

"Mchawi wa maji gani huyu mwenye midomo mikavu?" akasema. "Kunywa." Nikanywa. Alikiona kifurushi, akakaa juu yake, akaanza kunisimulia habari za harusi.

Siku ya kumi na nne nilikuta watu wamenitangulia kisimani, wamesimama mbali kwa adabu. Nikafanya kama siku zote, sikuharakisha. Nikaonja. Nikaonja mara ya pili, kwa sababu sikuuamini ulimi wangu. Nikampa Jumbe kata.

Alikunywa yote, akafuta ndevu. Kisha akawageukia watu kwa sauti kubwa. "Mmeona. Bi Mwanabaraka si mchawi. Ni mama yetu."

"Jumbe, usiniachishe kazi," nikasema. "Mama yenu ni mimi, na mchawi wenu ni mimi."

Alinitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa akicheka. "Basi, mchawi wetu. Kaa kwako." Na tangu siku hiyo walinisalimu kwa jina hilo hilo, wake kwa waume, na niliitika kama mtu aitikiavyo jina lake.

Watu walipopungua Muhidini akanisogelea. Viganja vyake vilikuwa bado na malengelenge. "Mama, niambie kweli. Kilichoyarudisha ni mchanga au maneno?"

"Mchanga ulikuwa wako," nikamwambia. "Ulilala kando ya kisima siku zote zile. Mbona hukuurudisha?"

Akaiomba kata kwa mikono miwili, nikampa, akaanza kuwatekea wapagazi mmoja mmoja, polepole, kama inavyotakiwa. Nyuma ya safu palikuwa na mmoja mwenye homa, ameegemea mwenziwe. Muhidini alimwona, akamwita, akamtanguliza mbele ya wote. Sikumwambia mimi afanye hivyo. Nikampenda tena kama siku nilipomwosha mara ya kwanza.