Kibuyu cha Kwanza Kilichoingia Tangini

Jumanne saa nne asubuhi Gideoni Mazengo alikuwa amelala chali chini ya Subaru ya buluu, akinyonya petroli kwa mpira kutoka tangini na kuitema ile iliyomwingia mdomoni. Zilitoka lita kumi na mbili. Alizifunga kwenye dumu, akaliweka kivulini, akasema hiyo irudi kwa wenyewe. Kwa Gideoni petroli na dizeli vilikuwa vitu vya wakubwa, na mtu wa kijijini anayetegemea vitu vya wakubwa ni sawa na anayengoja mvua ya Agosti.

Gari lilikuwa la Mudrick, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Busi. Kila kiangazi, kinamasi cha Bahi kinapokauka na tope kuwa gumu kama saruji, Mudrick hushindana mbio za magari huko na wenzake. Mwaka uliopita alikuwa wa nne, na hakupenda. Alikuwa amesikia kwamba injini yenye tabo, ile feni ya kuisukumia hewa, ukiilisha spiriti badala ya petroli inapumua kwa ubaridi na kupata nguvu zaidi. Akamfuata Gideoni katika kijiji cha Mzogole, upande wa Haneti, kwa sababu Gideoni alitengeneza magreda ya serikali miaka ishirini na miwili, mpaka alipopunguzwa kazi kwa barua ya mistari miwili.

Gideoni alimweleza polepole. Spiriti inanyweka haraka kuliko petroli, kwa hiyo ilitakiwa pampu kubwa zaidi, na nozeli za kunyunyizia mafuta zenye midomo mipana. Mipira ya zamani ingeliwa, ilitakiwa mipya. Na tangi lisafishwe mara mbili, maana spiriti ni kama mama mkwe, ikiingia ndani inatafuta uchafu hadi pembeni na kuupeleka wote kwenye filta. Mudrick alikubali kununua vyote. Alipouliza fundi anataka nini, Gideoni alisema hataki kitu, ila gari likishakamilika likae Mzogole mpaka Anitha ajifungue.

Anitha alikuwa binti yake wa pekee. Mumewe alikuwa machimboni. Nesi Evarista wa kituo cha afya alimpima tumbo akasema mtoto amelala amekingama, hatatoka kwa njia ya kawaida, na uchungu ukianza tu afikishwe hospitali mjini, kilomita tisini. Kituo kilikuwa na gari la wagonjwa. Lilikuwa jeupe, bado jipya, na king'ora chake kilifanya kazi. Dizeli ndiyo haikuwepo. Nesi Evarista aliweka mablanketi humo, maana kituo hakikuwa na stoo.

Miaka mitatu nyuma gari lilikuwa hapo hapo, likiwa jipya zaidi, siku Loisi, mke wa Gideoni, alipougua tumbo. Dizeli ya mwezi huo ilikuwa imekwenda na wakubwa kuzindua bomba la maji, ambalo maji yake mpaka leo yako njiani. Gideoni alimpakia mkewe kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Walifika kwenye korongo la mchanga, kilomita kumi na nne, na Loisi akafia hapo. Wengine kumi walifia kwenye barabara hiyo hiyo, baadhi kabla yake na baadhi baada yake. Gideoni aliwataja kwenye kila mkutano wa kijiji mpaka mwenyekiti akaacha kumpa nafasi ya kusema.

Dorothea, mdogo wake Loisi, ndiye aliyepika pombe. Aliipika kwa mtama, kwenye mitungi ya dada yake, kisha Gideoni akaigeuza spiriti kwa pipa na bomba la shaba. Mtendaji wa kijiji alikuja siku hiyo hiyo, maana gongo ni marufuku na pua yake ni nzima. Gideoni alimwambia kwamba hiyo hainywewi na mtu. Mtendaji akauliza inanywewa na nani. Akaambiwa, na gari. Aliandika gari, akasoma alichoandika, akaondoka, kwa sababu sheria haikutaja magari.

Spiriti ilipikwa mara ya pili, ikapitishwa kwenye chokaa iliyochomwa ili chokaa inywe maji yaliyobaki. Kila jioni Gideoni aliwasha kijiko kimoja. Kijiko kikibaki na unyevu, spiriti ilirudi kwenye chokaa. Siku ya tatu kijiko kilibaki kikavu.

Kwao Mzogole kibuyu cha kwanza cha pombe si cha walio hai. Kinatengwa, wafu wanatajwa majina, na jua likiinama kinamwagwa penye lango la zizi. Dorothea alikuwa mwanakwaya, lakini kwaya ni ya Jumapili. Safari hii, kwa kuwa pombe yote iligeuzwa spiriti, kibuyu nacho kilijazwa spiriti. Akawataja wale kumi na mmoja wa barabarani, akianza na dada yake, akakiegemeza kibuyu kwenye nguzo ya lango kingoje jioni.

Ijumaa ya wiki ya pili, adhuhuri, Gideoni alijaza tangi. Pampu mpya ilikuwa na mdomo mrefu lakini haukufika chini, ikawa inanyonya hewa. Spiriti ilipungua kama lita moja. Alitazama huku na huku, akakiona kibuyu, akakitia chote tangini.

Dorothea alikuta kibuyu kitupu.

"Shemeji, umewatia wenyewe kwenye gari."

"Nitawalipa chao wiki ijayo. Wafu hawana haraka."

"Wafu hawana haraka, lakini hawaachi chao," alisema Dorothea, akaenda kuosha mitungi.

Mudrick alichomeka kompyuta yake kwenye kontrol boksi, akairekebisha injini imeze zaidi, akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa mara mbili, maana spiriti haipendi chuma baridi. Mara ya tatu ikawaka. Eksozi ilitoa harufu ya pombe iliyoiva, na mbuzi wa jirani wakaja kusimama nyuma ya gari. Loisi alikuwa amekaa kiti cha mbele akijaribu kufunga mkanda.

Nyuma walikuwa watano wamebanana. Mwalimu Ambokile, aliyeng'atwa na nyoka mwaka ule wa njaa, alikuwa katikati na mkoba wake. Wawili walikuwa kwenye buti. Watatu, akiwamo Luka mchimba visima, walikuwa wamekaa juu ya paa wakiwa wamening'iniza miguu.

"Mbukwenyi," walisalimia, na waliokuwapo wakaitikia.

Mudrick alimpa Mwalimu Ambokile shikamoo, kisha akaenda kupima upepo wa matairi, kwa sababu watu kumi na mmoja ni uzito.

Loisi alikuwa na kanga yake ya kijani. Alimtazama mumewe kwa dirishani kwa muda mrefu.

"Umezeeka vibaya, baba Anitha."

"Nani wa kunizeesha vizuri?"

"Na hiki kiti kimekaa kama cha kinyozi."

"Ni cha mashindano," alisema Gideoni, akamfungia mkanda.

Saa nane mchana uchungu wa Anitha ulianza. Nesi Evarista alifika mbio, akampima tumbo, akasema mtoto bado amekingama na wana saa mbili, pengine pungufu. Kisha akatazama gari na kuomba waliotangulia wampishe mgonjwa. Walipisha bila maneno. Mwalimu Ambokile alipanda kwenye paa, wengine wakajilaza juu ya boneti, na mmoja akasimama kwenye bampa ya nyuma kama kondakta. Anitha alilazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Dorothea na miguu kwenye mapaja ya mama yake. Gideoni alikaa mbele na kikapu cha vifaa. Mudrick akashika usukani.

Barabara ile haijawahi kuchongwa tangu wakubwa walipopita kuomba kura. Ina mashimo ambayo ukiyajua unafika, usipoyajua unabaki. Waliokuwa juu ya paa waliyajua yote.

"Kushoto," alisema Luka. "Hapa nilifia mimi."

Mudrick alikwenda kushoto.

"Kulia sasa, ushike ukingo," alisema mama mmoja kutoka kwenye boneti. "Hili ni la kwangu."

Walipita shimo moja baada ya jingine, kila mwenye shimo akilitaja lake, na gari likaenda kwa mwendo ambao barabara ile haikupata kuuona. Lilivuta vizuri. Mudrick alisema tabo inaamka mapema kuliko zamani, na Gideoni alisikiliza nozeli zikifanya kazi, akaona raha mwilini, raha ambayo alikuwa ameisahau mahali. Juu ya paa walianza kuimba wimbo wa kupura mtama. Anitha alipoweza kuvuta pumzi aliitikia.

Kwenye korongo la mchanga injini ilikwama kupumua, ikakohoa mara tatu, ikazimika.

Gideoni hakuhitaji kuambiwa ni wapi. Mkokoteni ulisimama hapo hapo, penye jiwe lenye mstari mweupe. Alikuwa ameosha tangi mara mbili na ilitakiwa tatu. Spiriti ilikuwa imeuokota uchafu wote wa miaka na kuuleta kwenye filta.

Alishuka, akafungua boneti baada ya waliolala juu yake kusogea. Filta nyingine alikuwa nayo kikapuni. Aliichomoa ile iliyoziba. Nyuma yake Anitha alisema anasikia kusukuma. Loisi alimshika magoti.

"Usisukume, mwanangu. Hapa hapafai kuzalia. Hapafai hata kufia, mimi nimejaribu."

Anitha alicheka, na kule kucheka kulimpa pumzi ya dakika mbili. Dakika mbili zilimtosha Gideoni kukaza skrubu ya mwisho. Wale kumi walishuka, wakakunja nguo, wakasukuma gari kwenye mchanga mpaka ng'ambo, Mwalimu Ambokile akihesabu moja, mbili, tatu kama wakati wa mchakamchaka. Ng'ambo injini ikawaka mara moja.

Loisi aligeuka akatazama lile jiwe mpaka lilipopotea.

"Ulinifunika vizuri siku ile," alisema.

Gideoni alisema vumbi limemwingia machoni, akafunga dirisha.

Walifika hospitali saa tisa na nusu. Mlinzi wa getini alikuwa mtu wa utaratibu. Aliwaruhusu Anitha na Dorothea wapite, lakini wengine wote waandike majina, walikotoka na saa ya kufika. Walipanga foleni. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba, na Mwalimu Ambokile aliwajazia mistari kwa mwandiko wa kulala. Mlinzi alilalamika tu kwamba wino umekuwa baridi.

Jua lilikuwa bado juu mtoto wa kike alipotolewa kwa upasuaji, mzima, mwenye sauti. Vigelegele vya wale kumi na mmoja vilisikika mpaka barabara kuu, na madereva wa bodaboda wakaitikia kwa honi. Anitha alitaka mtoto aitwe Loisi. Loisi alisema jina hilo bado analitumia, lakini linaweza kutosha wawili. Alimbeba mjukuu mpaka jua likazama, akimnusa utosi. Gideoni alinunua soda za watu kumi na watano. Hakuna chupa iliyorudi na kitu.

Mwezi wa tisa Mudrick alikwenda kwenye mashindano yake Bahi. Aliwaomba wale kumi na mmoja washuke, wakakataa, maana hawajawahi kuona mbio. Akawa wa pili. Alisema angeshuka hata Luka peke yake angeshinda, lakini alisema hivyo akicheka, na mwaka huu amefunga reli kwenye paa ili wapate pa kujishikia, akaliacha gari Mzogole mpaka mbio zijazo.

Baada ya mavuno afisa mmoja wa usafiri alikuja Mzogole kutoka mjini na faili. Alikuja kwa lile gari jeupe la wagonjwa, ambalo wiki hiyo lilipata dizeli kwa sababu kulikuwa na ziara. Nesi Evarista alitoa mablanketi yake, akayaweka chini ya dawati. Afisa aliitisha mkutano, akasoma taarifa. Kwa mujibu wa daftari la getini, alisema, katika siku moja tu watu kumi na wawili wa Mzogole walifika hospitali kwa gari, wote salama. Kwa hiyo usafiri wa wagonjwa hapa ni mzuri kuliko vijiji vyote, na gari jeupe litaendelea kusaidia shughuli nyingine za maendeleo. Alisoma majina. Loisi alikuwa wa nne.

Gideoni alisimama bila kupewa nafasi. Alisema Loisi alifariki miaka minne nyuma kwa kukosa gari hilo hilo analolitumia afisa.

Afisa alifunua ukurasa. "Hapa alifika saa tisa na nusu, mzee. Kuna dole gumba."

"Nilifika kweli," alisema Loisi kutoka kiti cha mbele cha Subaru iliyoegeshwa kando ya mkutano, akimkonyeza Anitha ili amletee mtoto. "Mwache aandike. Hao hata ukifufuka watakuuliza fomu."

Watu walicheka, na afisa akaandika kwamba wananchi wamefurahi. Gideoni alikaa. Alitikisa kichwa mpaka shingo ikachoka, kisha akaenda kujaza tangi, maana siku hizi kibuyu cha kwanza hakingoji jioni. Dorothea anataja majina, Gideoni anakitia mwenyewe, na wenyewe wanapanda.

Alasiri ile walikuwa wanampeleka mama mmoja wa kitongoji cha pili kujifungua. Kwenye korongo la mchanga walilikuta gari jeupe limesimama, dizeli imekwisha. Afisa alikuwa amekaa kwenye lile jiwe lenye mstari mweupe, faili kifuani, viatu vimejaa mchanga. Aliomba wamfikishe mjini.

Wale kumi na mmoja walianza kusogea kumpa nafasi ndani. Waliokufa hawana kinyongo. Gideoni alikuwa bado hai, kwa hiyo alimwambia akae juu ya paa, karibu na Luka, ashike reli, na kila shimo likitajwa jina aitikie.