Wasifu wa Bartolomeo Kalinga

Siku ya tatu ya msiba, Jumatano ya Juma Kuu, Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori wa serikali, alifika na bunduki begani wakati akina mama wanapakua uji. Alikuwa amedandia lori hadi Ipogolo, kisha akapanda mlima kwa trekta la shamba, na vumbi lilikuwa limempaka hadi kope. Akavua kofia, akatoa pole kwa wafiwa mmoja mmoja, akaketi. Ndipo akauliza,

"Huyo mnyama mwenyewe ni wa porini?"

"Farasi," akajibu Kasian, kaka mkubwa wa marehemu. "Wa kufugwa. Ameua mtu."

"Mimi kazi yangu ni tembo, na nguruwe wanaoharibu mahindi. Farasi sijawahi." Akapokea kikombe cha uji. "Anaitwaje?"

Watu wakatazamana.

"Askofu," akasema mzee mmoja kwa sauti ya chini.

Bwana Nyama alikuwa Mkatoliki. Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni. Akakirudisha chini bila kunywa.

Evarista, mjane wa Bartolomeo, aliyaona hayo yote kutoka mkekani alipokuwa ameketi, miguu ameinyoosha, kaniki imemfunika hadi kwenye nyusi. Tangu Jumapili alikuwa hajasema neno zaidi ya "asante" na "amina". Watu walisema huzuni imemfunga mdomo. Haikuwa huzuni peke yake.

Shamba alilofanyia kazi Bartolomeo lilikuwa la mzungu zamani, na mzungu alipoondoka likawa la umma, mabanda yake na farasi wake wote: majike kumi na wawili na dume mmoja. Wengi walidhani farasi wangeuzwa palimwe maharage. Waliofanya libaki shamba la farasi ni Bartolomeo na yule dume, Askofu. Mama yake Askofu alikuwa jike aliyeletwa kwa gari kutoka Mbeya, akafa wiki aliyozaa, na Bartolomeo akamlea yule mtoto kwa maziwa ya ng'ombe, akimnywesha kwa chupa. Usoni alikuwa na doa jeupe lililoanzia puani, likapanda, likachongoka katikati ya masikio, sawasawa na kofia ya askofu siku ya kipaimara. Padri mwenyewe alipomwona alicheka hadi akashika mbavu, kwa hiyo jina likabaki.

Kazi ya farasi ina sheria nyingi, lakini moja Bartolomeo alimfundisha kila aliyeajiriwa pale kabla hata hajamwonyesha pa kulala: usimwendee farasi kimya. Sema naye. Mwimbie, msimulie habari za shemeji zako, mtukane ukitaka, mradi ajue uko wapi. Yeye mwenyewe alikuwa haachi kusema. Evarista alimjua hivyo tangu ujana, kule kwao Iyunga, Bartolomeo alipokuwa akifanya kazi kwa mkulima mmoja. Alimsikia akizungumza nyuma ya ua, akadhani anagombana na mtu, kumbe anamsimulia punda bei ya chumvi.

Sasa katika parokia ile, Jumapili ya Matawi, watu hurudi nyumbani na matawi ya ukindu yaliyobarikiwa. Moja huwekwa juu ya mlango wa nyumba, moja shambani, moja juu ya banda la mifugo, ili mwaka upite salama. Padri hajawahi kuagiza hivyo, wala hajawahi kukataza.

Jumapili ile walirudi saa saba, jua kali, upepo mwingi.

"Nitaligongelea baada ya kula," Bartolomeo alisema.

"Wewe ukila umelala," Evarista akamjibu. "Na ukilala hivyo, baraka itasubiri hadi Pentekoste. Ligongelee sasa."

Akacheka, akaenda. Akaingia banda la Askofu kwa mlango wa nyuma, na shati lake la kanisani, nyundo mkono mmoja, tawi mkono wa pili, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa tatu, misumari mitano mdomoni. Evarista alisimama mlangoni na matawi mengine. Alimwona akipita nyuma ya farasi kimya, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita. Aliona upepo ukilikamata tawi na kulipigisha kwenye mapaja ya mnyama. Teke lilikuwa moja. Askofu mwenyewe alirukia kona akatetemeka, macho meupe, na Bartolomeo akafa kabla trekta la kumpeleka hospitali halijawashwa.

Watu walipofika mbio walimkuta mtu chini na farasi amesimama. Wakajijibu wenyewe. Evarista akawaacha wajijibu.

Siku tatu alilijua neno hilo akiwa peke yake. Alijua pia wakilisikia watafanya nini. Yeye ni Msafwa katikati ya Wahehe, mke wa kuja, na Kasian hakuwahi kumsamehe ndugu yake kwa kuoa mbali. Na kulikuwa na Tekla, binti wa miaka kumi na mitatu, mtoto wao pekee, na ukoo wa Kalinga ulikuwa na desturi ya kuchukua watoto wake mama akionekana na dosari.

Baada ya uji, Ambrosi akasimama. Ambrosi alikuwa katekista, mtu mwembamba wa suti moja, na kazi yake siku ya kuvunja tanga ilikuwa kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alibatizwa lini, alioa wapi, na mwisho, kifo chake kilisababishwa na nini. Desturi ya pale ni kwamba likishasomwa hilo la mwisho mbele ya watu, na ukoo ukaitikia, basi limekwisha. Halirudiwi.

Akasoma ubatizo, akasoma ndoa. Akafika chini ya karatasi, akakohoa.

"Mauti yake yalisababishwa na farasi mkali aliyemvamia bila sababu, anayedhaniwa kuwa na pepo mchafu. Ukoo umeomba mnyama huyo aondolewe, na Ndugu Meneja amekubali."

Meneja Edmund aliinamisha kichwa. Alikuwa kijana wa chuo cha kilimo, si mtu mbaya, ila alimwogopa Kasian zaidi ya alivyowaogopa wakubwa wake wa mjini. Bwana Nyama akaanza kuifuta bunduki kwa kitambaa, polepole, kama anayetumaini kitambaa kitachakaa kabla hajamaliza.

"Ukoo mnaitikia?" Ambrosi akauliza.

"Ngoja," Evarista akasema.

Akainuka kwenye mkeka. Mjane haamki mkekani kabla ya kuambiwa aamke, na akina mama wawili wakamshika kaniki. Akaiacha mikononi mwao.

"Hapo mwisho pameandikwa uongo, Katekista. Futa."

"Mama Tekla, keti," Kasian akasema. "Una uchungu."

"Nina uchungu, shemeji, na nina macho. Nilikuwepo. Wewe ulikuwa wapi?"

Akawaeleza. Hakupunguza kitu: tawi, upepo, misumari mdomoni. Akaeleza hata maneno aliyomwambia mumewe, neno kwa neno. "Mimi ndiye niliyemharakisha. Askofu alishtuka. Kama kuna pepo pale, basi ni pepo mwenye sura yangu."

Kasian akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemuua ndugu yangu."

"Nilimwambia mume wangu agongelee tawi la Bwana. Ukiita hiyo kuua, mwambie Katekista aandike, asome kwa sauti, nami nitasimama hapa hapa nisikie. Ila usimwandike farasi."

"Tutamchukua mtoto. Wewe rudi kwenu Iyunga ukaharakishe wengine."

"Mtoto huyo hapo. Muulize."

Tekla alikuwa jikoni na wenzake. Hakuulizwa. Alifuta mikono kwenye gauni, akapita katikati ya wanaume, akasimama kando ya mama yake.

"Ndugu Meneja," Kasian akamgeukia Edmund, "wewe umekubali. Nani ataingia kwa mnyama yule tena? Siku tatu hakuna mfanyakazi aliyempelekea hata maji. Yupo wa kuingia? Kama hayupo, wa nini?"

Swali lilikuwa la haki.

"Nitaingia mimi," Evarista akasema.

Hakuna aliyemzuia. Nadhani wengine walitaka kuona. Akachukua debe la maji, wakamfuata kwa mbali, hata Bwana Nyama, na bunduki ameikumbatia kama mtoto wa mtu mwingine. Tangu mlango wa ua Evarista alianza kusali rozari kwa sauti ya juu, si kwa ajili ya watu. Salamu Maria ya kwanza Askofu alipiga ukuta. Ya nne akasimama masikio mbele. Kati ya sala na sala mama yule alimwambia mambo mengine: kwamba ananuka, kwamba kwato zake ni aibu, kwamba bwana wake amezikwa jana kwenye udongo mwekundu, na jeneza lilikuwa zuri. Alimpitia mbele, kwa bega, mkono shingoni. Farasi akanywa debe lote. Mwanamke akamfunga hatamu, akamtoa nje kwenye jua mbele ya ukoo mzima.

Alikuwa analia sasa, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, lakini sauti hakuiacha.

Bwana Nyama akatoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni.

"Huyu si wa porini," akamwambia Edmund. "Mimi sina mamlaka naye."

Kasian na watu wake waliondoka kabla ya chakula cha mchana. Hakumpa Evarista mkono. Kwenye lango aligeuka akasema kwamba nyumba ya ndugu yake haiwezi kukaliwa na mwanamke wa namna ile.

"Nyumba ni ya shamba, shemeji," Evarista akamwambia. "Na shamba lina kazi kesho. Safari njema."

Edmund alijaribu kusema kwamba kanuni za ajira hazijamtaja mwanamke kwenye mabanda. Evarista akamuuliza kama zimemkataza. Meneja akasema ataandika barua mjini kuuliza. Evarista akamwambia aandike.

Alhamisi Kuu, saa kumi na mbili asubuhi, umande bado mweupe kwenye nyasi, Ambrosi alikuja na suti yake na karatasi yake. Alimkuta Evarista uani na jike mwekundu, amemfunga mkia kwa kitambaa kuanzia juu, tayari kumpandisha kwa dume. Wafanyakazi wengine hawakuwa wametokea. Walikuwa wanangoja waone kama kutapambazuka salama.

"Kamwene, mama. Nimefuta lile," Ambrosi akasema. "Nimeandika 'ajali kazini'. Lakini nimekuja kwa jingine. Kesho kutwa Padri anaungamisha kabla ya Pasaka. Watu wanasema lazima uende, uungame kifo cha mumeo. La sivyo, komunyo..."

"Nitaenda."

Ambrosi akashusha pumzi.

"Nitaungama haraka yangu," Evarista akaendelea. "Nitaungama siku tatu nilizonyamaza wakitaka kumuua mnyama asiye na kosa. Na hasira niliyo nayo kwa Kasian, hiyo nitaiungama nikiwa bado ninayo, Mungu anajua. Kuua sitaungama, maana sikuua. Siwezi kumdanganya Padri ili ukoo ufurahi."

"Watasema una kiburi."

"Waseme. Wewe umekuja kunishauri au kunihukumu?"

Katekista akatazama viatu vyake, vimeshalowa. "Sijui, mama. Labda vyote viwili."

"Basi fanya vyote viwili ukiwa umeshika hii," Evarista akasema, akampa kamba ya jike. "Karibu na kichwa. Vua koti, ana tabia ya kupiga chafya. Mimi namleta dume."