Vifungo Saba

Jumatatu saa tatu asubuhi, Sikio aliketi kwenye meza yake kando ya mashine ya maji. Sikio moja akalipa simu, la pili akaliacha huru kwa ajili ya umbea wa ofisi, akaanza kupapasa kioo. Hilo Sikio halikuwa jina lake. Hakuwa akiona tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kujaribu programu za simu kwa kusikiliza, ndipo wenzake wakambatiza hivyo naye akalizoea.

Programu ya safari hii ilikuwa ya kliniki. Kuanzia tarehe mosi dirisha la miadi lingefungwa, na kila mgonjwa angejipangia siku ya kumwona daktari kwa simu yake mwenyewe. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mama yake Sikio. Naye alikuwa haoni. Macho ya ukoo wao hayana subira. Dirishani alikuwa akienda peke yake, akimnong'oneza karani shida yake, na hakuna jirani aliyewahi kuijua. Alitaka iendelee kuwa hivyo.

Sikio akagusa pembe ya juu ya kioo. "Kifungo," ikasema sauti ya simu. Akatelezesha kidole. "Kifungo." Akatelezesha tena. "Kifungo." Vilikuwa saba, na hakuna hata kimoja kilichoandikiwa jina. Jina likiandikwa, sauti hulisoma: Tuma, Futa, Rudi. Lisipoandikwa, husema kifungo, maana aliyeitafsiri sauti ile zamani hakulipenda neno kitufe.

Kila iliposema kifungo, kifungo kimoja cha shati la meneja, aliyekuwa kikaoni meza ya pili, kilikatika na kubingirika sakafuni hadi kwenye kiatu cha Sikio. Ilipofika cha saba, meneja alikuwa kifua wazi mbele ya wafadhili. Aliwataka radhi, akasema nyuzi za siku hizi ni za ovyo, akaendelea na kikao huku amelishika shati kwa mkono.

Sikio aliviokota, akavitia kwenye kopo, akaandika ripoti: vifungo saba havina majina; vinabadilishana nafasi kila programu inapofunguliwa; kimoja kinafuta akaunti, na yangu imekwisha kufutika mara mbili. Ripoti akampelekea mwandika programu, ambaye ofisi nzima ilimwita Kesho.

"Kuandika majina saba ni kazi ya muda gani?" Sikio akamuuliza.

"Nusu saa. Haizidi."

"Sasa?"

"Kesho, dada."

Sikio akapitisha kidole tena, kwa kazi tu, si kwa kisasi. Kesho akaenda kula akiwa ameshika suruali.

Kufikia Alhamisi hapakuwa na shati lililofungika ofisini, na msichana wa mapokezi alijibania kwa klipu za karatasi. Meneja akaitisha kikao chenye ajenda moja: mavazi. Walijadili nyuzi, pini na zipu kwa muda wa saa mbili. Muda huo ungetosha kuvipa majina vifungo ishirini na vinane. Sikio aliipiga hesabu hiyo kimoyomoyo na roho ikamuuma. Mwishowe ikapitishwa kwamba kila mtu avae fulana ya shingo ya duara, iliyoandikwa kifuani Programu kwa Wote.

"Tatizo limekwisha," meneja akasema.

"Na majina?"

"Toleo lijalo, dada yangu. Haba na haba."

Kopo la Sikio lilikuwa limekwisha kujaa. Jioni akampelekea mama yake, ambaye enzi zake alikuwa fundi cherehani. Mama akavimimina mapajani, akavichambua kwa kidole gumba.

"Hiki cha mtu mwenye nafasi."

"Cha meneja."

"Umemweleza lakini?"

"Mpaka nimechoka, mama."

"Sikio la kufa halisikii dawa," mama akasema, kisha akakumbuka. "Si wewe, mwanangu."

Tarehe mosi dirisha lilifungwa. Asubuhi hiyo mama alikaa kitandani, akaifungua programu, akagusa kioo.

"Kifungo," simu ikasema.

"Cha miaka mingapi?" mama akaiuliza.

Ofisini wote walikuwa wamevaa fulana, kwa hiyo kilichokatika kilikuwa cha blauzi yake mwenyewe. Mama akakitafuta kwenye shuka, akachukua sindano, akakirudisha mahali pake, akaukata uzi kwa meno. Akagusa tena. "Kifungo." Kikakatika kingine.

Jirani alichungulia mlangoni. "Nipe nikubonyezee, mama. Wewe niambie tu unaumwa nini."

"Ahsante, mwanangu. Nashona kidogo."

Jioni Sikio alirudi akamkuta palepale, sindano mkononi na simu pajani. Fulana mpya ya Sikio ilikuwa bado inanuka rangi. Alitaka kulia. Badala yake akakaa kando yake, akapapasa mpaka akaupata uzi, akamtungia sindano.

"Umefika wapi, mama?"

"Cha nne," mama akasema. "Bado natumikia."