Ufunguo Ulioenda Harusini

Wewe unayesoma, ulipita wodini kando ya kitanda cha fundi seremala ukageuzia uso dirishani. Saratani ilikuwa imemwingia mifupani, naye analia, nawe ukajifanya unatafuta mtandao kwenye simu.

Mpwa wangu muuguzi hakugeuza uso. Alipoacha wodi ya wazazi akasomee kuwahudumia wasiopona, dada yangu alimcheka: "Wenzako wanapokea watoto, wewe unasindikiza maiti?"

"Nawasindikiza wangali hai, mama."

Jumamosi ile morfini ya seremala, dawa ya kutuliza maumivu makali, ilikuwemo kabatini, chupa nzima. Ufunguo alikuwa nao mfamasia, kaenda nao harusini. Mpwa wangu akampigia simu aurudishe.

"Dada, utaratibu ni utaratibu. Jumatatu si mbali."

"Kwako unayecheza muziki, si mbali. Haya, mwambie mwenyewe." Akaisogeza simu mdomoni mwa seremala.

Mfamasia alisikiliza kidogo, akakata.

Seremala alikufa Jumapili, ameng'ata shuka. Jumatatu aliyeitwa ofisini kukaripiwa, eti kamsumbua mfamasia harusini, ni mpwa wangu.

Leo ni Ijumaa, na ufunguo unajiandaa kuondoka na mfamasia tena. Inuka sasa hivi, kasimame mlangoni mwa famasia, usimpishe mtu mpaka ufunguo ubaki wodini.