Programu ya Mzee Stamen

Kompyuta ilimgomea Vihra tena, ikidai kipande kingine kilichokosekana. Alitamani kuitupa uani kutoka ghorofa ya nne. Tangu asubuhi alikuwa akiunda programu ya kusomea vipofu kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi ya amri zinazoiendesha, na kila alipoipa ilichotaka, ilitaka kingine. Mdai gani huyu asiyeshiba!

Baba yake, mzee Stamen, alipofuka wakati wa baridi. Programu iliyokuja tayari kwenye kompyuta ilisoma Kibulgaria kama mtalii aliyelewa rakia. Jirani alijitolea kumsomea gazeti, mzee akakataa katakata. Leo alikuwa ametoa neno la mwisho: mashine isiposoma sawasawa ichukuliwe, na gazeti asiletewe tena maishani.

Hatimaye programu ikaundika bila kosa. Vihra akaisakinisha, akabonyeza. Sauti ileile ya mlevi! Akaiunda upya. Ileile.

"Mwanangu, unapika nini muda wote huu?" baba akauliza kutoka kwenye kochi. "Hata maharage ya marehemu mama yako yangekuwa yameiva."

"Baba, hebu ninyamazie kidogo! Nimefuata kila kitu!"

Akaiuliza mashine ni programu ipi hasa inayoitika. Jibu likamchoma. Ilikuwa ile ya zamani.

Hakuwa ameitoa. Nyumba hii haitupi kitu. Roshani kulikuwa na majiko mawili mabovu, redio iliyokufa na chupa tupu zinazongoja pilipili za kuhifadhi, na mwenye mafundisho hayo alikuwa mzee mwenyewe: usitupe cha zamani mpaka kipya kisimame. Basi kila alipoita, ya zamani ilitangulia kuitika. Kutwa nzima alikuwa akiigombeza programu mpya ambayo haijafungua kinywa hata mara moja.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kutotupa!" akafoka.

"Nilikufundisha habari za majiko," mzee akasema. "Futa hiyo takataka."

Akafuta. Akabonyeza. Sauti safi ya kike ikaanza habari ya paa la soko linalovuja, kila neno mahali pake. Mzee akakaa wima. Vihra akavuta kiti, moyo umemtulia, akaanza kumweleza kitufe cha kusimamisha.

Baba akapapasa meza, akakipata mwenyewe. Sauti ikakatika.

"Nenda kwako, mwanangu," akasema. "Ninasoma."